Kuimba kwa Sauti Arobaini

Katika *Spem in alium*, mwimbaji wa kwaya ya nane huanza kazi kwa kunyamaza. Amesimama, karatasi ya noti mkononi, wenzake wanaimba, naye anahesabu mapigo. Akipoteza hesabu hana wa kumfuata, maana jirani yake anaimba kitu kingine kabisa.

Wimbo huo wa Thomas Tallis, mtunzi Mwingereza aliyefariki mwaka 1585, una sauti 40: kwaya nane zenye sauti tano kila moja, na kila sauti ina njia yake. Huanza sauti moja ya kwaya ya kwanza, nyingine ikaipokea, kisha nyingine, na muziki ukahama kwaya hadi kwaya. Waliotangulia hunyamaza kadiri wengine wanavyoingia. Baadaye zote 40 huungana, kisha wimbo hurudi ulikotoka, kuanzia kwaya ya nane kuelekea ya kwanza.

Sanaa ya kugawa kwaya ilikuwa imekwisha kukomaa Italia. Adrian Willaert alishika uongozi wa muziki katika Kanisa la Mtakatifu Marko, Venice, mwaka 1527, na zaburi zake za kwaya mbili zinazopokezana zilichapishwa mwaka 1550. Mwanafunzi wake, Gioseffo Zarlino, aliandika kanuni za kazi hiyo katika kitabu cha mwaka 1558. Kwa kuwa kwaya husimama mbalimbali, alisema, kila moja iwe na upatanifu uliokamilika yenyewe. Na zote zikiimba pamoja, besi zao zikutane kwenye noti ileile au oktavu, pengine hatua ya tatu, lakini zisiachane kwa hatua ya tano. Aliyeketi karibu na kwaya moja husikia zaidi besi ya kwaya hiyo. Ikiwa imepanda hatua ya tano juu ya besi ya kweli iliyo mbali, anachosikia ni nyumba isiyo na msingi. Naipenda kanuni hii kwa sababu inamjali msikilizaji aliyepata kiti kibaya.

Umbali huohuo humtaabisha mwimbaji. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo kwaya iliyo mita 34 kutoka kwako inakufikia ikiwa imechelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Ukiingia kwa kufuata unachosikia, umechelewa. Nao wakikufuata wewe, uchelewaji unaongezeka maradufu. Kwa hiyo mapigo huchukuliwa kwa macho, kwenye mkono wa kiongozi unaoshuka na kupanda. Masikio hubaki na kazi ya kulinganisha sauti: kuipata noti yako ndani ya mlio unaotoka upande wa pili wa kanisa, kuishika kichwani, kuvuta pumzi mapema, na kuingia bila kupapasa.

Mahali pagumu kuliko pote ni karibu na mwisho. Sauti zote hukoma, kisha zote 40 huingia kwa mpigo mmoja, kwa maneno yanayomwomba Mungu autazame unyonge wetu. Atakayewahi atasikika na kanisa zima. Atakayechelewa atakuwa ameuvunja mwingilio ambao wengine 39 wameupatia.

Na hao wanaouimba hawausikii ukiwa mzima. Mwimbaji husikia wanne wa kwaya yake, na wengine kwa mbali. Uwiano kamili humfikia anayesikiliza. Ndiyo maana maandalizi ya mwimbaji yanastahili heshima. Lazima aujue mstari wake kiasi cha kuweza kuuimba peke yake bila kuyumba, kisha akubali kuuimba kwa kiasi ambacho hakuna atakayeutambua kuwa wake. Ni wachache wanaojifunza jambo kwa bidii hivyo huku wakijua kwamba wakilifanya vizuri kabisa, sifa itaiendea kazi nzima.