Gauni la Kitenge: Hesabu Inayotangulia Mkasi

Gauni la kushonesha huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla cherehani haijakanyagwa. Huko Magole, wilayani Kilosa, pale njia ya Turiani inapochepuka kutoka barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, mteja kwa kawaida hununua kitambaa mwenyewe, kisha humpelekea fundi pamoja na picha ya mshono kwenye simu. Kazi ya kwanza ya fundi ni kuona kama picha, mwili na kitambaa vinakubaliana.

Kipande kamili cha kitenge aghalabu huwa yadi 6, yaani inchi 216, na upana wa kama inchi 45. Kitenge cha pamba hurudi kikifuliwa mara ya kwanza, hasa kwa urefu, hivyo kinapaswa kulowekwa, kuanikwa na kupigwa pasi kabla ya kukatwa. Hatua hii hurukwa mno kwa sababu ya haraka, na ndiyo chanzo cha magauni mengi yanayopanda juu ya goti baada ya kufuliwa.

Vipimo huchukuliwa kwa inchi: mabega, kifua, kiuno, nyonga, mkono na urefu. Kipo kimoja kinachostahili uangalifu kuliko vyote, nacho ni umbali kutoka begani hadi kiunoni. Kikikosewa hata kwa inchi moja, mshono wa kiuno hukaa juu ya mbavu au huteremka nyongani, na hakuna pasi itakayouficha. Mteja apimwe akiwa amevaa sidiria atakayoivaa na gauni hilo, maana kifua hubadilika nayo.

Hesabu ya kukata huenda kwa robo. Mteja mwenye kifua cha inchi 38 ana robo ya 9½. Fundi huongeza nusu inchi ya kupumulia na inchi moja ya mshono, ikawa 11. Robo nne ni inchi 44, kwa hiyo mbele na nyuma ya sehemu ya juu huingia bega kwa bega kwenye upana mmoja wa kitenge. Nyonga ya inchi 42 huleta hesabu nyingine: robo yake ni 10½, ikiongezwa inafika 12, na robo nne zinadai inchi 48. Kitambaa hakitoshi. Gauni refu lisilokatwa kiunoni litabidi mbele yake ikatwe juu na nyuma ikatwe chini, yaani urefu mara mbili. Likiwa na inchi 48 na pindo la inchi 2, linameza inchi 100, karibu nusu ya kipande chote. Zinazobaki ndizo za mikono, malinda na kilemba. Maua yenye kichwa na miguu, kama ndege au taa, huongeza ugumu, kwani vipande vyote lazima vitazame upande mmoja. Fundi anayesema kitambaa hakitoshi mara nyingi ameshaifanya hesabu hii kichwani, na ni vema aoneshe namba hizo ili mteja achague mwenyewe: kufupisha mkono, kupunguza malinda au kuongeza yadi.

Mafundi waliojifunza kwa kukaa karibu na fundi mwingine wengi huchora kwa chaki moja kwa moja juu ya kitambaa. Njia ya kuchora na kukata kwanza kwenye karatasi huchukua muda zaidi, lakini hufaa sana kwa sare za harusi, ambapo mshono mmoja hurudiwa kwa miili tofauti.

Maafikiano yatajwe wazi siku hiyohiyo ya kupimwa: kianzio, nani ananunua zipu na bitana, siku ya kujaribu na siku ya kuchukua. Baada ya mavuno ya mahindi na mpunga harusi huongezeka; Idi na Krismasi huja na foleni zake, na Januari hushonwa sare za shule. Kazi inayopelekwa wiki ya sikukuu hukosa nafasi ya kujaribiwa.

Kujaribu hufanyika pindo likiwa halijashonwa na mishono ya ubavuni ikiwa imepigwa kwa nafasi pana ya uzi. Mteja aketi, ainame na anyanyue mikono. Kwapa likivuta, huchongwa kidogo kidogo, kwani kilichokatwa hakirudi. Ubavu ukibana, ile inchi ya mshono iliyoachwa kama akiba hufunguliwa. Akiba hiyo isipunguzwe hata gauni likienea vizuri, na mabaki ya kitambaa arudishiwe mteja kwa ajili ya viraka au kupanua baadaye.