Maneno Kudumu, Maana Kuhama: Nyimbo Mbili Mikononi mwa Hadhira

Wanafunzi wa fasihi simulizi aghalabu hupima mabadiliko ya wimbo kwa kuorodhesha maneno yaliyoongezwa, yaliyoachwa au yaliyobadilishwa. Makala haya yanadai kuwa kipimo hicho hakitoshi, hususan kwa nyimbo za kisasa zilizoenezwa kwa santuri na redio. Nyimbo mbili zatosha kulidhihirisha dai hili.

"Jambo Bwana" ulitolewa na bendi ya Them Mushrooms mwaka 1982, mtunzi akiwa Teddy Kalanda Harrison. Waongozaji watalii na wapagazi wa Kilimanjaro wameuchukua, wakaliondoa jina la Kenya na kulitia la mlima wao, wakaongeza na maneno yahusuyo safari ya kukwea. Matini imebadilika waziwazi. Hata hivyo, dhima imebaki palepale: mwenyeji anamkaribisha mgeni na kumwondolea hofu.

"Malaika", uliorekodiwa na Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ambao utunzi wake umezozaniwa, una hali iliyo kinyume. Maneno yake hayakubadilika sana, ila maana imehama. Nafsineni ni kijana wa kiume aliyekosa mali ya kuolea. Wimbo ulipoimbwa na Miriam Makeba, na baadaye na Angélique Kidjo mwaka 1991, sauti ikawa ya mwanamke. Viambishi vya nafsi vya Kiswahili havibagui jinsia. Kwa hiyo karibu matini yote ilimpokea mwimbaji mpya bila pingamizi. Kitenzi "kuoa" ndicho kilichokataa, kwani kwa mazoea ya lugha mwanamke huolewa. Hapo msikilizaji Mswahili hulazimika kumtenga mwimbaji na nafsineni. Asiyejua lugha hausikii mgongano huo, akabaki na wimbo wa mapenzi tu. Hata arusini wimbo huu huimbwa kwa shangwe, ilhali unalilia ndoa iliyoshindikana.

Mtafiti anayenakili maneno pekee atahitimisha kuwa "Jambo Bwana" umegeuka na "Malaika" umehifadhiwa, nayo dhima ya nyimbo hizo yaonyesha kinyume. Yafaa basi kila toleo liandikwe pamoja na aliyeimba, hadhira yake na shughuli yenyewe. Na jina la mtunzi, pale linapojulikana, lisiachwe, kwa kuwa kuenea kwa wimbo hakumfutii mtunzi haki yake.