Sikio au Kiganja? Uhakiki wa Sitiari ya Faiba Inayosikia Ardhi, kwa Mfano wa Kyebando, Kampala

Waya wa faiba uliozikwa kando ya barabara unaweza kugeuzwa kipimo cha mitetemo ya ardhi. Leza hutuma mapigo ya mwanga ndani ya uzi wa kioo, na chembe ya mwanga huo hurudi kutoka kila sehemu ya uzi. Ardhi ikitikisika, uzi hunyooka au kusinyaa kwa kiasi kidogo mno, na badiliko hilo husomeka katika mwanga uliorudi. Wanaoeleza jambo hili kwa lugha nyepesi husema waya "unasikia" ardhi. Sitiari hiyo inavutia, nayo huzaa ahadi kubwa kupita kiasi: kwamba jiji lenye faiba tayari lina masikio kila mtaa.

Kyebando, kaskazini mwa Kampala, panafaa kuipima ahadi hiyo. Mtaa huo unashuka kuelekea bonde la Nsooba na barabara ya Northern Bypass, iliyofunguliwa mwaka 2009. Vilima vya Kampala vina udongo mwekundu wa changarawe ngumu. Mabondeni mna mfinyanzi na maji ya kinamasi. Tofauti hiyo inagusa uhai na mali, kwa kuwa udongo laini huweza kuukuza mtetemo. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilihisiwa hadi Uganda. Kinadharia, ngurumo za magari ya Bypass zingetosha kuwa chanzo cha mawimbi: wimbi refu hufika chini zaidi kuliko fupi, na kasi zake zikilinganishwa hudokeza ugumu wa kila tabaka.

Lakini sikio husikia kwa mbali na kutoka kila upande. Faiba hupima mvuto wa urefu wake tu, na hupima kile kinachoushika. Katika rasi ya Reykjanes, Aislandi, waya wa simu wa kilomita 15 ulinasa matetemeko mwaka 2015. Waya huo ulikuwa umezikwa mferejini. Mitaani Kampala nyaya nyingi zimetundikwa nguzoni, na waya wa nguzoni hueleza habari za upepo kuliko za udongo. Hata uliozikwa hulegea ndani ya bomba, au hukunjwa mizunguko shimoni kwa ajili ya matengenezo, hata mita nyingi za uzi zikakosa mita zake ardhini. Ndiyo maana wapimaji hutembea na nyundo, wakigonga chini ili kujua ni sehemu ipi ya uzi iliyo miguuni pao.

Tena kila kipimo ni wastani wa kipande cha uzi, aghalabu mita 10 hivi, na kiwanja cha bondeni kinaweza kuwa chembamba kuliko hapo. Faiba basi inaweza kueleza tabia ya mteremko, lakini haitoi ushahidi juu ya nyumba moja. Katika jiji ambamo wakazi wa vinamasi huishi na hofu ya kuhamishwa, kusema ardhi ya mtu "imesikika" kuwa laini si pambo la lugha.

Kitenzi kinachofaa zaidi ni "kupapasa". Kiganja hujua kinachogusa tu, na msomaji atauliza kwanza waya umegusana na nini. "Kusikia" hulifunga swali hilo. Kitenzi hicho nacho kina upungufu: kiganja hutambua ulaini papo hapo, ilhali hapa ulaini hupatikana baada ya hesabu ndefu. Kyebando, hata hivyo, hesabu hizo zitasubiri mtu aufuate waya nguzo kwa nguzo, hadi avipate vipande vilivyozikwa, kama vipo.