Nyaya Mbili za Boya

Nyumba nyingi za Dar es Salaam huishi kwa matangi mawili. La kwanza liko chini, hupokea maji ya bomba siku yanapotoka. La pili limeinuliwa juu ya mnara, na pampu ndiyo inayolijaza. Kati ya hayo mawili pana kazi ya ulinzi ambayo kwa kawaida humwangukia mtu: awashe pampu, akumbuke kuizima, au asikie maji yakimwagika ndipo akimbilie swichi. Siku hizi wapo wanaoikabidhi kazi hiyo kwa kompyuta ndogo, mathalani Raspberry Pi iliyoingia sokoni nchini Uingereza mwaka 2012, ikiendesha programu ya Home Assistant ambayo Paulus Schoutsen alianza kuiandika mwaka 2013. Programu hiyo hutolewa bure, nayo husifiwa sana. Lakini haiwezi kujua kama tangi limejaa, wala kuigusa pampu, mpaka aje fundi wa kuvuta nyaya. Sifa za fundi huyo hazijaimbwa vya kutosha.

Anachokabiliana nacho ni mpaka mkali. Pini za Raspberry Pi hufanya kazi kwa volti 3.3, na volti 5 tu zinaweza kuiua. Upande wa pili kuna umeme wa ukutani wa volti 230 na mota inayonguruma. Pande hizo mbili zinatakiwa zizungumze bila kugusana.

Kompyuta yenyewe ina pini chache, na nyumba ina mambo mengi: maboya ya kuhisi maji matangini, milango, swichi za taa, king'ora, geti. Hapo ndipo chipu ya bei nafuu huonyesha thamani yake. MCP23017 ya kampuni ya Microchip, inayouzwa kwa dola chache, huongeza njia 16 za ishara, na huzungumza na kompyuta kwa nyaya mbili tu kwa utaratibu uitwao I2C, uliobuniwa na Philips miaka ya 1980. Pini zake 3 za anwani huruhusu chipu 8 zikae kwenye nyaya hizohizo mbili bila kuchanganyana. Jumla njia 128! Nyumba ya kawaida haiwezi kuzimaliza.

Ila I2C haikuundwa kwa safari ndefu. Kadiri waya unavyorefuka ndivyo unavyohifadhi chaji nyingi zaidi, na mawimbi ya ishara hupoteza ukali wake. Kwa hiyo fundi anayejua kazi huziweka chipu ndani ya kisanduku kimoja na kompyuta, kisha kinachotoka kwenda nje ni nyaya za swichi za kawaida.

Na swichi za kawaida zina ujanja wake. Ndani ya aina moja ya boya la tangi mna vipande viwili vyembamba vya chuma ndani ya bomba la kioo, vinavyokutana sumaku inapokaribia. Ni kifaa alichobuni Walter Ellwood wa Bell Labs, Marekani, katika miaka ya 1930, na bado hakijapata mpinzani kwa urahisi wake. Vipande hivyo havifungi mara moja. Hudundadunda kwa muda mfupi mno, na kompyuta yenye kasi huhesabu kila mdundo kama tukio jipya. Dawa yake ni kuiagiza programu ipuuze badiliko lolote ambalo halijatulia.

Kuna adui mwingine. Waya wa mita 30 uliolazwa sambamba na nyaya za umeme hunasa mnong'ono wa volti 230, na pini nyepesi ya chipu huuchukulia mnong'ono huo kuwa habari. Fundi mzuri haendi vitani na mnong'ono. Huudai umeme wa kweli. Hupitisha volti 12 kwenye boya, hadi kwenye optokapla, ambayo ni taa ndogo na jicho lake vilivyofungiwa pamoja katika ganda jeusi. Kwa kikinza cha omu 2,200, mkondo wa karibu miliampea 5 lazima upite ndipo taa iwake ipasavyo. Mnong'ono hauna nguvu hiyo. Na kwa kuwa kinachovuka ndani ya ganda ni mwanga peke yake, hitilafu ya nje haina waya wa kuufuata hadi kwenye kompyuta.

Sehemu ya ufundi huu inayostahili heshima kubwa kuliko zote haihitaji kifaa chochote cha ziada. Ni kuamua boya lifunge lini na lifungue lini. Fundi huliweka boya la tangi la juu lifungue mzunguko tangi hilo linapojaa, na la tangi la chini lifungue maji yanapokwisha. Panya akiutafuna waya, au jembe likiukata bustanini, mzunguko hufunguka vilevile, na pampu husimama. Hitilafu husomeka kama amri ya kusimama. Mwenye nyumba atakosa maji kwa saa kadhaa, lakini pampu haitazunguka kavu ikaungua, wala dari haitalowa. Hiyo ni busara iliyowekwa ndani ya shaba, na haimgharimu mtu hata senti.

Upande wa kutoa ishara una mitego yake. Pini ya MCP23017 hutoa miliampea 25 kwa ukomo, ilhali rilei, yaani swichi inayovutwa kwa umeme, ile ndogo ya buluu iliyojaa madukani, huhitaji takriban miliampea 70 ili ivute. Kati yao huwekwa chipu kama ULN2803, yenye njia 8 na diodi za kumeza mrusho wa umeme koili ya rilei inapozimwa. Tena, rilei hiyo imeandikwa ampea 10, na pampu ya nguvu farasi 1 hula kama ampea 5 ikiwa mwendoni. Asiyejua atasema inatosha. Mota inapoanza hudai mara kadhaa ya kiasi hicho, na siku moja vidole vya rilei huungana kwa joto visiachane tena. Basi rilei iachiwe tu kazi ya kuamsha kontakta, yaani swichi nzito ya mota, na kontakta ndiyo iubebe mzigo wa pampu.

Kwa anayenunua bodi ya rilei iliyo tayari kuna mtego mwingine: bodi nyingi za aina hiyo huwaka pini inaposhushwa hadi sifuri, na chipu inapoamka kumbukumbu yake ya matokeo ni sifuri tupu. Programu ikizigeuza pini kuwa za kutoa kabla ya kuandika moja, rilei zote hulia "ta!" kwa pamoja. Mpangilio sahihi ni kuandika kwanza, kugeuza baadaye.

Waifai ingeweza kufanya sehemu ya haya, na kwa nyumba ya kupanga ambayo kuta zake hazichimbwi, ni chaguo la haki. Lakini kwa anayejenga, waya ulazwe kabla ya lipu. Hauhitaji betri wala nenosiri. Akinunua kebo ya mtandao, aikague: sokoni imejaa kebo ya alumini iliyopakwa shaba, yenye ukinzani mkubwa zaidi na inayokatika upesi kwenye skrubu. Kwa geti au banda lililo mbali kuna njia ya mawasiliano iitwayo RS-485, inayofika hata mita 1,200 kwa jozi moja iliyosokotwa, na lugha ya Modbus iliyotoka kwa Modicon mwaka 1979, ambayo bodi za rilei za bei ndogo huielewa hadi leo.

Kabla ya kukabidhi kazi, fundi makini huongeza boya la tatu, juu kidogo ya lile la juu, na kulipitisha moja kwa moja kwenye koili ya kontakta bila kuiuliza kompyuta. Kisha huiwasha pampu na kuing'oa kompyuta kwenye umeme makusudi, akiangalia kama kontakta itaachia. Huchomoa nyaya za maboya moja baada ya nyingine, na kila mara anasubiri kuona pampu inavyojibu. Ndipo anapobandika ndani ya kifuniko karatasi yenye namba ya kila waya, kwa ajili ya fundi atakayekuja baada yake.