Kinubi cha Kupakata: Wepesi Wake Unamwelemea Nani?

Ukurasa huu umezoea kuchambua vitabu na nyimbo. Leo naomba ruhusa yenu nichambue chombo chenyewe: kinubi kidogo cha kupakata, kile ambacho matangazo ya biashara huku Marekani hukisifu kwa neno moja tu, kwamba ni chepesi. Mimi si mwanamuziki. Ni mhandisi wa mitambo, na sikio langu ni la mtu wa kawaida anayekaa kiti cha nyuma kanisani. Lakini uzi uliovutwa kati ya vipande viwili vya mbao ni jambo ninaloweza kulisemea, na neno hilo "chepesi" limetugharimu fedha na maumivu nyumbani kwetu.

Mama Neema aliimba alto katika kwaya miaka mingi, kwanza Dar es Salaam na baadaye hapa Ohio. Kazi yake ilikuwa ya kuhudumia wagonjwa, kuwageuza na kuwanyanyua, mpaka bega la kushoto likafanyiwa upasuaji. Alipostaafu alirudi kwenye nyumba ile ile ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, mara hii kama mtu wa kujitolea, na huko akamkuta mama mmoja wa Kimarekani anakaa kando ya kitanda na kupiga kinubi polepole, bila kuimba. Akarudi nyumbani na neno moja: "Baba Neema, nami nataka kile." Daktari alikuwa amemkataza kubeba kitu kizito kwa mkono ule. Basi tukaanza kutafuta kinubi chepesi, na hapo ndipo tulipokosea.

Cha kwanza tulikiagiza kwa picha. Kilikuwa na nyuzi 22, mbao nyekundu iliyonakshiwa maua, na maelezo kwamba ni chepesi, kinamfaa anayeanza. Kwenye mizani yetu kilikuwa karibu kilo 5. Misumari ya kukazia nyuzi ilikuwa inateleza: ukimaliza kuulinganisha uzi wa ishirini, wa kwanza umeshalegea. Kwa wiki 3 Mama Neema alikuwa anapiga dakika 10 na kupumzika 20. Kisha akasema, "Hiki kirudishe. Bega linaniuma kuliko nilipokuwa nageuza wagonjwa." Duka likakataa kukipokea kwa sababu uzi mmoja ulikuwa umekatika. Mpaka leo kimetundikwa ukutani sebuleni, na kila mgeni anayeingia anakisifia nakshi.

Nilikishusha nikakipima kwa utulivu, maana nilitaka kujua kosa liko wapi, na jibu halikuwa nililolitegemea. Zile kilo 5 hazikuwa tatizo wakati wa kupiga, kwa kuwa uzito unabebwa na mapaja. Tatizo lilikuwa umbo. Kinubi kikubwa husimama sakafuni na kuegemea bega la kulia la mpigaji, kikatulia. Kile chetu kilikuwa kifupi mno kufika begani, na kitako chake kimechongwa mviringo, kwa hiyo kilikuwa kinataka kuangukia mbele muda wote. Nani alikuwa anakizuia? Mkono wa kushoto, wenye bega bovu. Mkono uliopaswa kupiga nyuzi za chini ulikuwa umegeuka nguzo. Kinubi cha kilo 2 chenye umbo lile lile kingefanya vile vile, pengine kibaya zaidi, kwa sababu kitu chepesi husukumika kwa kila uzi unaouvuta. Anayetaka kununua na aulize kwanza kinakaaje: kina mkanda wa kupita mgongoni, au ubao wa kulalia mapajani, au mguu wa kukisimamisha mbele ya kiti? Uzito aulize baadaye, wakati wa kupanda basi.

Kuna gharama nyingine ya wepesi ambayo matangazo hayaisemi, nayo iko kwenye nyuzi. Mnaokumbuka fizikia ya sekondari mtaniwia radhi. Mlio wa uzi unategemea mambo matatu: urefu, unene na nguvu inayouvuta. Chukua uzi wa nailoni wenye unene wa milimita 1 na urefu wa sentimita 60, uulinganishe kwenye ile C iliyo chini ya C ya katikati ya kinanda, yaani mitetemo 131 hivi kwa sekunde. Kwa hesabu yangu uzi huo unavutwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 2 na robo. Sasa fupisha kinubi ili kiwe kidogo na chepesi, uzi ule ule uwe sentimita 40, noti iwe ile ile. Nguvu inashuka hadi kilo 1. Uzi umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Ukiugusa unapepea na kugonga wa jirani. Fundi anaweza kuuweka mnene zaidi, milimita 1 na nusu, nguvu ikarudi palepale, lakini uzi mfupi na mnene ni mgumu, na sauti yake hufifia kama unapiga ukingo wa meza. Wengine huweka nyuzi zilizozungushiwa waya mwembamba wa madini. Hizo husaidia kweli. Hata hivyo, hakuna fundi, awe wa Wales au wa Indiana, atakayepata besi nzito kutoka kinubi kifupi kwa maneno mazuri.

Kabla sijaendelea, tahadhari ya jina. Huku Marekani vitu vitatu tofauti huuzwa kama kinubi cha mapajani. Kuna kinubi chenyewe, ambacho nyuzi zake zinachomoza moja kwa moja kutoka kwenye ubao wa sauti na kupanda hadi shingoni. Kuna kisanduku bapa chenye nyuzi 15 hivi, unachokilaza na kuchomeka karatasi ya wimbo chini ya nyuzi, ukafuata alama kwa kidole. Na kuna vile vidogo vya nyuzi 16 au 19, vingi vikitoka China, ambavyo nyuzi zake hupita juu ya daraja na kulala sambamba na ubao. Hivyo ni ndugu wa nyatiti ya Wajaluo. Sikidharau kile kisanduku. Mzee ambaye macho na vidole vimechoka, na anataka wimbo leo hii kabla ya chai, akinunue. Ila ajue anachonunua.

Na wale wanaodhani kinubi ni chombo cha malaika wa kadi za Krismasi, wawaulize ndugu zetu wa Uganda. Ennanga ya Baganda ni kinubi halisi cha kupakata, chenye nyuzi 8 na sanduku lililowambwa ngozi, kilichopigwa katika jumba la Kabaka. Waalur wana adungu, na huko kaskazini mwa Kongo Wazande wana vinubi vyao vyenye shingo zilizochongwa. Ennanga ina jambo linalonifurahisha kama mhandisi. Shingoni, karibu na kila uzi, kuna pete iliyovishwa ngozi ya kenge, na uzi unapotetema huigusa ukatoa mvumo. Yaani ule mkwaruzo ninaoulalamikia kwenye kinubi kifupi cha nailoni, wao wameutaka, wakautengenezea kifaa. Nyuzi 8 nazo hazikuwa umaskini. Muziki wao una hatua 5 katika oktava, kwa hiyo nyuzi 8 zinawatosha kwa wimbo mzima na kubaki. Waliujua wimbo kwanza, ndipo wakahesabu nyuzi.

Sisi tulihesabu nyuzi kwanza. Mama Neema alitaka nyimbo za Tenzi za Rohoni, na mtu wa kwaya anajua Do haikai mahali pamoja: leo iko C, kesho mwalimu anaihamishia G kwa sababu soprano wamechoka. Kinubi kisicho na nyenzo hakijui kuhama. Ukitaka Do iwe G, lazima uchukue ufunguo na kupandisha kila uzi wa F kwa nusu hatua, kisha uurudishe wimbo ukiisha, mgonjwa akikusubiri. Kwenye vinubi vikubwa vya okestra jambo hili lilitatuliwa kwa pedali. Sébastien Érard alipata hataza ya pedali zake za hatua mbili mjini London mwaka 1810. Lakini chombo hicho chenye nyuzi 47 kina uzito wa kilo 36 hadi 40. Vinubi vidogo hutumia wenzo mdogo juu ya uzi: ukiuinua kwa kidole, uzi unapanda nusu hatua.

Hapa ndipo familia ya Harpsicle, kazi ya karakana ya Rees ya mji mdogo wa Rising Sun, Indiana, kando ya mto Ohio, inapostahili sifa. Vile vinne ninavyovitaja hapa vina nyuzi 26 na umbo moja. Tofauti ni nyenzo. Harpsicle ya kawaida haina hata mmoja. Sharpsicle ina nyenzo kwenye C na F, Flatsicle kwenye C, F na B, na Fullsicle kwenye kila uzi. Mnunuzi analazimika kujiuliza swali sahihi, yaani Do yangu inakwenda wapi. Ukiwa na F na C unapata C, G na D. Ukiongeza B, ukazilinganisha B zote chini nusu hatua, unapata na F. Ukiwa na nyenzo zote, na kinubi umekilinganisha katika E bemoli, unafikia funguo kubwa 8. Nyimbo za ibada tulizozichagua karibu zote zilienea katika zile funguo 4, kwa hiyo tukachukua Flatsicle iliyokwisha kutumika, tukaokoa fedha za nyenzo ambazo zisingeinuliwa kamwe.

Kwa msomaji wa Muscat au wa Leicester anayetaka taarab, nitasema waziwazi: usinunue kinubi cha namna hii. Wenzo wake unajua nusu hatua tu. Maqam kama Rast na Bayati zina noti zinazoangukia kati ya hapo, na ingawa unaweza kuzilegeza nyuzi za E na B kidogo kwa ufunguo, utakuwa umefungwa katika maqam ile mpaka uzilinganishe upya. Kanuni, ambayo nayo hupakatwa, ina nyenzo kadhaa ndogo kwa kila kundi la nyuzi tatu, kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. Ni kubwa zaidi, na kuilinganisha kunahitaji subira, lakini ndiyo inayojua lugha yako.

Sasa ila za kinubi chetu cha pili, maana nisije nikaonekana wakala wa mtu. Hakifiki kilo 3, na kwa mkanda wa kupita mgongoni mkono wa kushoto uko huru, lakini bila mkanda kinahangaika mapajani kama mtoto anayetaka kushuka. Uzi wa mwisho ni ile C niliyoipigia hesabu, kwa hiyo besi ya wimbo wa sauti nne, ambayo mara nyingi hushuka chini ya hapo, haipo. Mama Neema huipandisha oktava moja, ikagongana na tena, au huiacha. Mimi niliyekulia nyuma ya besi kwenye kwaya ninaikosa kila mara. Nyuzi pia ziko karibu karibu. Mwenye vidole vinene ajaribu kabla ya kulipa, na anayetarajia kuhamia kinubi cha okestra ajue mkono wake utajifunza nafasi mara mbili.

Sauti yake ni ndogo. Dukani niliihesabu kuwa kasoro, nikamwambia. Kisha nikaenda naye siku moja wodini. Pazia moja linatenganisha vitanda viwili. Upande huu mzee alikuwa macho anataka muziki, upande wa pili mtu alikuwa ndiyo kwanza amepata usingizi baada ya usiku mbaya. Alipiga robo saa nzima. Wa kwanza alisikia, wa pili hakuamka. Nilikuwa nimepima kinubi kile kwa ukumbi, wakati chumba chake ni cha mita 3.

Jambo moja la mbao, kwa ufupi. Ubao wa sauti wa mbao nzima hulia vizuri zaidi kuliko wa tabaka zilizogundishwa, lakini hupasuka katika nyumba kavu. Majira ya baridi huku mashine ya joto hukausha hewa. Ghuba kiyoyozi hufanya kazi ile ile mwaka mzima. Asiyeweza kuangalia unyevu wa chumba asione haya kuchukua ubao wa tabaka. Na nyuzi mpya za nailoni hunyooka kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mtu asikate tamaa akikuta kila asubuhi zimeshuka. Si kila kinachoshuka ni ubovu wa misumari, ingawa cha kwetu cha ukutani kilikuwa hivyo.

Bega lake limetulia. Juzi alimaliza wimbo, akanyamaza kidogo, akasema, "Unajua Baba Neema, kingekuwa na besi." Amekwisha kuona kimoja cha nyuzi 33, cha kusimama sakafuni, na ameniambia yeye hatakibeba, nitakibeba mimi. Jumamosi nilipima buti ya gari. Kinaingia, viti vya nyuma vikilazwa.