Kiima ni Nani?

Watu wengi hukijua Kilatini kama lugha ya mapadri na mawakili. Chuoni nilikosoma, kilikuwa lugha ya mtihani. Muhula mmoja tulipewa waandishi wawili: Julius Caesar kwa upande wa nathari, Virgil kwa upande wa ushairi. Kazi ya darasani ilikuwa ileile kila siku. Taja kitenzi, tafuta kiima, eleza kwa nini nomino imeishia hivi na si vile, kisha tafsiri. Ukimaliza, sentensi inayofuata.

Wapo wanaosema uchambuzi wa namna hiyo unaua fasihi. Sikubaliani nao. Kosa la darasa letu lilikuwa kuiacha sarufi njiani, hatua moja tu kabla haijaanza kutuambia jambo.

Mchukue Caesar. Vita vyake vya Galia, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa, vilianza mwaka 58 KK, na yeye mwenyewe aliviandikia vitabu saba. Humo hujitaja kwa nafsi ya tatu: Caesar alifika, Caesar aliamuru. Cicero, katika kitabu chake Brutus cha mwaka 46 KK, aliisifu lugha hiyo kwa kuwa imevuliwa mapambo yote. Ndiyo maana wanafunzi hupewa Caesar mapema: anasomeka.

Katika kitabu cha pili anaeleza habari za Aduatuci, watu waliosalimu amri kisha wakashambulia usiku. Kesho yake anawauza wote. Hakuna kilio wala mtoto anayevutwa mkono. Kuna sentensi mbili fupi. Katika ya kwanza kiima ni Caesar na kitenzi ni kuuza, lakini kinachouzwa ni ngawira ya mji. Ya pili iko katika kauli ya kutendwa, na kiima chake ni idadi, ambayo Caesar aliletewa na wanunuzi. Idadi ya vichwa: 53,000. Watu wenyewe si kiima popote. Sisi tulizitumia sentensi hizo kujifunza kauli ya kutendwa, tukaielewa vizuri, tukafungua ukurasa mwingine.

Sasa jaribu kuzitafsiri kwa Kiswahili. Ukiandika “watu”, umemfanyia Caesar hisani: umewarudishia utu ambao yeye hakuwapa. Ukiandika “vichwa”, upatanisho hautakuachia nafasi ya kujificha. Vilihesabiwa, viliuzwa, vyote, kama viti na vyungu. Msomaji anayejua kilichopita Kilwa na Bagamoyo hahitaji tanbihi hapo. Ngeli imekwisha kusema.

Virgil anaiendea sarufi hiyohiyo kwa njia nyingine. Aeneid ina vitabu 12 na karibu mishororo 9,900. Haina vina, na mizani yake haihesabu silabi kama shairi letu la mapokeo. Hupima zipi ndefu na zipi fupi. Mshairi alifariki mwaka 19 KK kabla hajaridhika nayo. Tusimgeuze kuwa mwanaharakati: aliandika chini ya Augustus, na utenzi wake unaisifu Roma waziwazi.

Lakini tazama anavyoumaliza. Aeneas, shujaa ambaye Warumi walijivunia kuwa uzao wake, amemwangusha adui yake Turnus. Turnus anaomba. Aeneas anasita, kisha anauona mkanda wa Pallas, kijana aliyeuawa na Turnus, begani mwa adui huyo, na hasira inampanda. Anachoma. Tungetazamia harusi, au angalau shangwe. Havipo. Katika sentensi ya mwisho kabisa kiima si mshindi; ni uhai wa Turnus unaotoweka, na neno linaloueleza ni la aliyeona ameonewa. Utenzi wa washindi unamwachia aliyeshindwa nafasi ya mwisho, na unanyamaza.

Mtu atasema nalinganisha ripoti ya vita na hadithi ya kubuni. Ni kweli, lakini Caesar naye aliweza kumwachia adui nafasi ya kusema. Katika kitabu cha saba Critognatus wa Galia anahutubia kwa maneno yake mwenyewe, kwa urefu. Ila kabla hajafungua kinywa, Caesar ameshatuambia kuwa hotuba hiyo ni ya ukatili wa kuchukiza. Kumbe kunyamaza kuhusu wale 53,000 hakukuletwa na aina ya uandishi. Kulichaguliwa.

Hili ndilo ningependa kila darasa la Kilatini lifike nalo mwisho. Swali “kiima kiko wapi?” tulifundishwa vizuri sana. Swali la pili, “nani amenyimwa nafasi ya kuwa kiima, na kwa faida ya nani?”, halikuwa kwenye mtihani, ingawa hujibiwa kwa zana zilezile. Na halihusu Warumi tu. Magazeti yetu huandika kwamba waandamanaji kadhaa “wamepoteza maisha”. Chambua sentensi hiyo. Kiima ni marehemu, kitenzi ni kupoteza, kana kwamba walikuwa wazembe, wakayadondosha maisha yao barabarani. Aliyeshika bunduki hayumo hata kama kielezi.