Mchaguzi wa Mawingu

Katika Microsoft Flight Simulator X, ile programu ya kuigiza urukaji ya mwaka 2006 ambayo mpaka leo ina wenyewe wasiotaka kuachana nayo, wingu ni picha bapa. Halina unene wala mgongo. Kila unapogeuza ndege, picha nayo inageuka kukutazama, usije ukaipitia ubavuni ukagundua kwamba ubavu haina. Wingu kubwa ni picha nyingi za namna hiyo zilizolaliana. Ujanja huo ulitokana na udogo wa nguvu za kompyuta za wakati ule, nao ukazaa fani ambayo wachache wanaijua na wachache zaidi wanaiheshimu: fani ya kuchagua ni picha zipi yavishwe mawingu, na ni rangi zipi livishwe anga alfajiri, mchana, magharibi na usiku.

Asiyeijua huiita mapambo. Lakini kwa rubani anga ni habari. Wingu humweleza kama hewa inapanda au imetulia, mtikisiko unamsubiri wapi, na kama mvua iliyo mbele ni ya kupita katikati au ya kuzunguka kwa mbali. Anayechagua picha za anga, basi, anachagua habari zitakazomfikia aliyeshika usukani. Kwa hiyo mimi siulizi kwanza kama seti ya picha za mawingu inapendeza. Nauliza kama rubani anayeitazama ataamua kama ambavyo angeamua akiwa juu kwelikweli. Nimekwisha kuona seti za kupendeza mno zinazofeli mtihani huo dakika ya kwanza tu baada ya kupaa.

Swali lenyewe si la zamani sana. Mashine ya Edwin Link ya kuigiza urukaji, ya mwaka 1929, iliyofundisha maelfu ya marubani, haikuhitaji anga: mwanafunzi alifunikwa ndani ya kisanduku akabaki na saa za vipimo peke yake, kwa kuwa shabaha ilikuwa kumzoesha kuruka bila kuona nje. Hata programu ya Bruce Artwick iliyotolewa na Microsoft mwaka 1982 haikuwa na mengi ya kuonyesha juu ya upeo. Ilibidi kompyuta zipate nguvu ndipo mtu aanze kugombana na mwenziwe juu ya rangi ya bluu.

Na ugomvi huanzia hapo hapo, kwenye bluu. Mwaka 1789 Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Geneva, alipanga vipande vya karatasi zaidi ya 50 katika duara, kimoja kikimzidi jirani yake bluu kidogo, kuanzia weupe hadi weusi, ili aweze kuliinulia anga kipimo hicho na kusema ni bluu ya ngapi. Baadaye mtafiti Alexander von Humboldt alisafiri na kifaa hicho hadi milima ya Andes. Watu hawa walikuwa na subira ambayo watengenezaji wengi wa seti hawana. Seti ya kawaida inakupa bluu moja nzito kutoka utosini hadi kwenye upeo, kali kama kanga ambayo haijapata kufuliwa, na mnunuzi anaridhika kwa sababu kwenye tangazo ilimeta.

Anga la kweli halina bluu moja. Mwanga wa mawimbi mafupi hutawanywa zaidi na molekuli za hewa kuliko ule wa mawimbi marefu, jambo ambalo Lord Rayleigh alilieleza mwaka 1871, na ndiyo maana juu kabisa tunaona bluu. Vitone vya maji, chumvi na vumbi ni vikubwa kuliko molekuli; vyenyewe hutawanya rangi zote karibu sawasawa, na matokeo yake ni weupe. Kwa hiyo Mombasa saa saba mchana, wakati wa kaskazi, anga la utosini ni bluu iliyopauka, na kadiri jicho linavyoteremka kuelekea baharini ndivyo bluu inavyokufa, hata kwenye upeo hubaki weupe ambao huwezi kusema unaishia wapi na bahari inaanzia wapi. Panda futi 35,000 na mambo yanabadilika: unyevu na vumbi vimebaki chini, juu yako bluu inakaribia weusi, na weupe umekuwa utepe chini ya bawa. Seti njema inajulikana kwa utepe huo. Mimi nikipewa seti mpya siangalii mawingu kwanza, wala machweo. Naenda moja kwa moja kwenye upeo wa mchana, mahali ambapo mtengenezaji mvivu hakudhani mtu angetazama.

Hapo ndipo faili nazo hudai haki yao. Njia iliyozoeleka ya kubana picha za michezo huzigawa katika vijisanduku vya pikseli nne kwa nne, na kila kijisanduku hupewa rangi chache tu. Kwenye jani au ukuta huoni kitu. Kwenye anga linalofifia polepole, ule mteremko laini wa bluu huvunjika ukawa ngazi, mistari mipana inayozunguka kichwa cha rubani. Basi anga liachwe bila kubanwa, mawingu ndiyo yabanwe, maana vurugu zake huficha dosari. Kuhusu ukubwa nina ubishi wangu. Picha ya wingu yenye pikseli 1,024 kila upande, isiyobanwa, inakula megabaiti 4 za kumbukumbu. Yenye pikseli 4,096 inakula 64. Programu ile ya 2006 ni ya biti 32, haiwezi kushika zaidi ya gigabaiti 4 kwa jumla, pamoja na ndege, milima, viwanja na majengo. Wapenzi wa sifa hupakia mawingu ya 4,096, kisha wakifika karibu na kutua ndani ya mvua, mahali ambapo mawingu ni mengi na jiji liko chini, programu nzima inazimika. Kwa maoni yangu 1,024 zinatosha. Wingu kwa asili yake halina ukingo mkali. Nani anataka kuhesabu nyuzi za ukungu?

Kinachohitaji kipaji hasa ni kukataa picha nzuri. Chukua picha ya wingu iliyopigwa saa kumi jioni: upande mmoja unawaka, upande wa pili una kivuli cha zambarau, utadhani limechongwa. Ukiiweka kwenye simuleta, kumbuka, picha hugeuka kukufuata. Unaruka kuelekea kusini, jua liko kuliani, na wingu linawaka kushotoni. Unageuza ndege, bado linawaka kushotoni. Baada ya dakika chache jicho limejua kuna jambo haliko sawa hata kama mwenye jicho hajui ni nini. Kwa hiyo mchaguzi mzoefu anazipita picha zote za kushangaza na kuchukua zile zilizopigwa jua likiwa juu sana au limefunikwa na utando mwembamba: weupe kileleni, kijivu chini, pembeni hakuna upendeleo. Zikitazamwa moja moja, picha hizo hazimvutii mtu. Zikiwa mia angani, programu ikizipaka yenyewe rangi ya saa iliyopo, zinakaa.

Halafu kuna kitako cha wingu. Luke Howard, mfamasia wa London, alipotoa mhadhara wake mwaka 1802 na kuyapa mawingu majina ya Kilatini ambayo marubani wanayatumia mpaka leo, lile la mafungu aliliita cumulus. Mafungu hayo yana jambo ambalo mchoraji wa haraka hulisahau: chini ni bapa, na yote yana sakafu moja. Sababu ni hesabu tu. Hewa inayopanda hupoa mpaka mvuke wake unageuka vitone, na urefu wa kufikia hapo hukadiriwa kwa kuchukua tofauti ya joto la hewa na kiwango cha umande, kisha kuzidisha kwa mita 125 kwa kila digrii. Siku ambayo Dar es Salaam ina digrii 31 na umande uko kwenye 24, sakafu ya mawingu iko karibu na mita 875, yaani kama futi 2,900. Rubani wa ndege ndogo anayevuka kwenda Unguja huitegemea sakafu hiyo kupima alipo. Mpe mawingu yaliyoviringana chini na juu, naye ameporwa kipimo.

Tangazo la hali ya hewa la uwanja wa ndege halimwokoi mchaguzi. Likisema SCT025, limesema mawingu yamefunika sehemu tatu au nne kati ya nane za anga, kitako kikiwa futi 2,500. Halijasema kama ni vifungu vidogo vya asubuhi ya kusi vinavyokimbizwa kutoka baharini, au ni vichipukizi vya minara ambayo alasiri itanguruma. Mchoraji John Constable alilijua pengo hilo. Alipokuwa akichora anga la Hampstead mwaka 1821 na 1822, aliandika nyuma ya michoro yake saa, upepo na hali ya siku. Mpiga picha wa mawingu mwenye tabia kama hiyo ana thamani kuliko mwenye kamera ya bei mbaya.

Seti nyingi zinazouzwa zimetengenezwa na watu waliokulia chini ya anga la Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na hilo linaonekana. Machweo ni marefu na ya machungwa, kwa sababu kwao jua hushuka likiwa limeinama. London mwezi Juni mwanga wa jioni hudumu zaidi ya dakika 40 baada ya jua kuzama. Kwetu karibu na Ikweta linashuka karibu wima, na baada ya dakika 20 na ushei unahitaji taa. Mawingu ya dhoruba nayo ni mafupi kwa jicho la huku. Juu ya Ziwa Victoria, ambako usiku pepo za nchi kavu hukutana katikati ya maji na kuisukuma hewa juu, vilele hupita kilomita 15. Ndege ya abiria iliyo futi 38,000 bado huvitazama kwa kuinua macho. Na hakuna seti niliyowahi kuiona inayojali moshi wa mioto ya nyika mwezi Agosti, ule wa rangi ya udongo unaolala juu ya Tanzania ya kati na kumnyima rubani vilima mpaka avikaribie. Si anga la kupigia picha. Lakini ndilo lililopo.

Tangu mwaka 2020 picha bapa zimepata mpinzani. Studio ya Asobo ya Bordeaux ilileta Microsoft Flight Simulator yenye mawingu ya ujazo, unayoweza kuingia na kutoka, mwanga ukikokotolewa ndani yake, na hali ya hewa ikiletwa na Meteoblue ya Basel. X-Plane 12 ilifuata njia hiyo mwaka 2022. Tatizo la wingu kuwaka upande usio na jua limekwisha, na hakuna anayelililia. Kazi ya kuchagua, hata hivyo, haikufutwa. Imehamia kwenye vidhibiti vya unene wa tabaka, mtawanyiko wa mawingu na wingi wa vumbi hewani. Aliyefundishwa na picha bapa hukisogeza kile cha vumbi bila kuambiwa, mpaka Kibo ya Kilimanjaro, inayokaa kuliani ukitoka Nairobi kwenda Dar, iache kuonekana kama imekatwa kwa mkasi na irudi kwenye weupe wake wa mbali.

Kwenye programu ile ya zamani bado naruka na seti ya mawingu ya kijivu na mchana uliopauka. Nyingine, yenye machweo ya dhahabu, ninayo pia. Naiwasha wageni wakija.